Ukinunua Studio, Hujanunua Wachezaji

Wasee, kabla mtu hajaanza kunirushia mawe, wacha nianze na stori ya nyumbani.

Desemba 2019 mimi na brathe tulikuwa na PS4 moja ya mitumba na padi mbili, moja ikiwa na kile kijiti cha kushoto kinachojiendea chenyewe. Binamu yetu wa Kitale alikuwa na simu tu. Sote tulikuwa na Minecraft: sisi kwa PS4, yeye kwa simu. Kila mtu alikuwa anajenga kivyake halafu tunapigiana simu kuambiana tumefika wapi. Mwezi huo ndio toleo la PS4 liliunganishwa na la simu, kompyuta, Xbox na Switch. Likizo hiyo tulijenga boma zima pamoja, na zizi la ng'ombe na ghala la nafaka ndani, yeye akiwa Kitale, sisi tukiwa Umoja. Stima ikipotea kwetu, yeye anabaki akilinda mifugo, juu boma lenyewe lilikuwa kwa simu yake.

Kitu ambacho sikuwaza siku hizo ni hiki: mwenye Minecraft ni Microsoft, watu wa Xbox. Sisi hatukuwa na Xbox. Kwa ploti yetu nzima hakukuwa na mtu mwenye Xbox. Kwa hivyo kampuni inayouza konsoli pinzani ndiyo ilituunganisha likizo yote. Kwa nini ilikubali? Na kwa nini gemu zingine za kampuni hiyo hiyo hazijawahi kufika kwetu?

Hapo ndipo swali la leo linatoka. Kampuni ya konsoli ikinunua studio, gemu za hiyo studio ziendelee kutoka kila mahali ama zifungiwe mashine moja? Mimi nasema ziendelee. Lakini sitaki mniamini kwa sababu ya ng'ombe wa Kitale. Kuna historia ya miaka 30 hapa, tuipitie pole pole.

Tuanze na kwa nini wanafunga

Konsoli si sufuria. Anayekuuzia sufuria anapata faida yake ukilipa, mnaachana. Konsoli ni tofauti. Mei 2021, kwenye kesi ya Epic na Apple huko Marekani, afisa wa Microsoft aliiambia mahakama kwamba kampuni haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox zenyewe. Pesa inarudi kwa gemu. Kwa kawaida, kila gemu ikiuzwa kwa duka la konsoli, mwenye duka anakata kama asilimia 30, hata kama gemu ni ya mtu mwingine.

Sasa unaelewa. Gemu iliyofungiwa konsoli moja ni chambo. Ukinunua mashine kwa sababu ya gemu moja unayoitaka, utanunua zingine kumi hapo hapo, na mwenye mashine anakata zake kila mara. Kununua studio basi ni njia ya kununua chambo. Hiyo ni hesabu ya biashara, si roho mbaya. Swali ni kama hesabu hiyo inatoka sawa, na nani anailipia.

Liverpool, 1993

Mwaka 1993, kabla hata PlayStation haijaingia madukani, Sony walinunua studio ya Uingereza inayoitwa Psygnosis, kule Liverpool. Hawa ndio waliotengeneza Wipeout, zile mbio za vyombo vinavyoelea. Ilikuwa kati ya gemu za kwanza PlayStation ilipofika Ulaya Septemba 1995, na iliipa mashine hiyo sura ya kitu cha vijana, si toy ya watoto.

Ungedhani Sony wangeifungia kabatini. La. 1996 Wipeout ikatoka kwa Sega Saturn, mpinzani wao wa moja kwa moja. 1998 ikaja Wipeout 64, kwa Nintendo 64. Yaani studio ya Sony ikawatengenezea Sega na Nintendo gemu, mchana kweupe.

PlayStation ilikufa? Iliuza zaidi ya mashine milioni 100. Sisemi iliuza hivyo kwa sababu ya kugawa Wipeout, Saturn ilikuwa na matatizo yake mengi. Nasema tu kugawa hakukuiua. Baadaye Wipeout zikawa zinatoka kwa mashine za Sony peke yake, na Agosti 2012 hiyo studio ikafungwa. Kufungiwa nyumbani hakukuiokoa.

Stori inayonipa shida

Sitaki kuchagua mifano inayonipendeza tu. Kuna mmoja unaoniuma, na ni Halo.

Julai 1999 Steve Jobs alisimama jukwaani New York akaonyesha Halo, gemu ya studio inayoitwa Bungie, na watu wa Mac wakashangilia. Mwaka uliofuata, Juni 2000, Microsoft ikainunua Bungie. Novemba 2001 Halo ikatoka pamoja na Xbox ya kwanza, ikiwa imefungiwa hapo. Watu wa Mac walingoja hadi mwisho wa 2003.

Na ukweli usemwe: bila Halo pengine Xbox haingefika mbali. Sega walikuwa wametangaza mwanzoni mwa 2001 kwamba wanaacha kutengeneza konsoli. Kama Microsoft pia ingeanguka, Sony na Nintendo wangebaki wawili, na wachuuzi wakibaki wawili sokoni, wewe mnunuzi ndiye unaumia. Kwa hivyo kufunga kulileta ushindani hapo. Nakubali.

Lakini angalia kilichofuata. Bungie walichoka, wakajitoa Microsoft Oktoba 2007, na Microsoft ikabaki na jina la Halo. 2022 Bungie hao hao wakanunuliwa na Sony kwa dola bilioni 3.6, na sharti likatangazwa waziwazi: gemu zao zitaendelea kutoka kwa konsoli zingine pia. Halafu Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Halo ya kwanza inatengenezwa upya na itakuja PS5 mwaka 2026. Rudia hiyo sentensi polepole. Gemu iliyojenga Xbox inahamia PlayStation. Chambo kilifanya kazi mara moja, kwa mashine mpya isiyo na jina. Hakikufanya kazi milele.

Gemu iliyopotea katikati ya wazee

Sasa twende Twycross, kijiji huko Uingereza, kwa studio inayoitwa Rare. Miaka ya 90 Nintendo walikuwa na hisa zao pale, hadi asilimia 49. Rare ndio waliofanya Donkey Kong Country 1994, GoldenEye 007 mwaka 1997, Banjo-Kazooie 1998. Kama uliwahi kuona watu wanne wamegawana skrini moja ya Nintendo 64 wakipigana risasi, hiyo ni GoldenEye.

Septemba 2002 Microsoft ikainunua Rare yote kwa dola milioni 375. Na hapa kuna kichekesho. Microsoft haikuwa na mashine ya mkononi, kwa hivyo Rare waliendelea kutengenezea Nintendo gemu za mkononi. 2007 wakatoa Diddy Kong Racing kwa Nintendo DS. Banjo, aliyekuwa kwenye toleo la 1997, akatolewa, juu sasa alikuwa mali ya Microsoft. Mtoto ameachwa nje ya picha ya familia kwa sababu wazazi waliachana.

GoldenEye iliteseka zaidi. Nintendo ana haki zake, Microsoft ana zake, wenye James Bond nao wana zao. Toleo jipya la Xbox lilitengenezwa karibu likaisha, likazuiwa, likakaa gizani hadi likavuja mtandaoni 2021. Gemu yenyewe ya 1997 ilirudi kihalali Januari 2023, siku moja, kwa Switch na kwa Xbox. Zaidi ya miaka 25! Mtoto aliyeicheza akiwa na miaka kumi alikuwa ameshapata watoto wake.

Nani alifaidika na hiyo miaka yote? Nimefikiria na sijapata hata mmoja. Microsoft haikuuza, Nintendo hawakuuza, na wachezaji hawakucheza. Kufungia ndani kunaweza kuwa mkakati, lakini mara nyingi kunageuka kuwa kusahau tu.

Minecraft ilifanya kinyume

Septemba 2014 Microsoft ilitangaza inainunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Watu wa PlayStation waliogopa, na walikuwa na haki. Lakini milango haikufungwa. Desemba 2015 Minecraft ikaingia Wii U, Mei 2017 ikaingia Switch. Septemba 2017 Xbox, kompyuta na simu zikaanza kucheza pamoja, Switch ikafuata 2018, na PS4 ikaingia Desemba 2019, likizo yetu ile.

Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba Minecraft imeuza nakala zaidi ya milioni 300. Hakuna konsoli yoyote duniani iliyowahi kuuza mashine milioni 300. Kwa hivyo hata kama kila mwenye konsoli fulani angeinunua, isingefika hapo ikiwa imefungwa. Gemu inayochezwa na watu pamoja ni kama soko: kadiri barabara zinazoingia zinavyokuwa nyingi, ndivyo linavyochangamka. Ukifunga barabara tatu ili watu wapite kwako, soko ndilo linakufa.

Bethesda, na hoja yangu yenyewe

Septemba 2020 Microsoft ikatangaza ununuzi wa ZeniMax, wenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Ukamalizika Machi 2021. Kulikuwa na mikataba ya awali na Sony, na iliheshimiwa: Deathloop ilitoka PS5 kabla ya Xbox mwaka 2021, Ghostwire: Tokyo ikafuata 2022. Mikataba ilipoisha, mlango ukafungwa. Starfield ilipotoka Septemba 2023, ilikuwa Xbox na kompyuta tu.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, juu hii ndiyo hoja.

Bethesda ilikuwa na thamani ya bilioni 7.5 kwa nini? Kwa sababu ya majina yake: Skyrim, Fallout, Doom. Na hayo majina yalijengwa na nani? Skyrim ilitoka 2011 kwa PS3, Xbox 360 na kompyuta, ikaja PS4, ikaja Switch. Kila mtu aliyenunua nakala, kwa mashine yoyote, aliweka tofali. Mwenye PS3 aliyedunduliza akanunua Skyrim ni mmoja wa waliofanya hiyo studio iwe ghali. Halafu siku ya kuuza, waliolipwa ni wenye hisa, na mwenye PS3 akaambiwa gemu zinazokuja si zake mpaka anunue mashine nyingine.

Ni kama matatu iliyojengwa na abiria wa pande zote mbili za mtaa, halafu mwenyewe mpya anasema kuanzia leo inabeba upande mmoja pekee. Gari ni lake, kweli. Sheria iko upande wake. Lakini abiria wana haki ya kuuliza.

Ukitaka kuona kwamba hata wenye nguvu walijua swali hili ni zito, angalia Activision Blizzard. Januari 2022 Microsoft ilitangaza inainunua kwa dola bilioni 68.7. Tume ya biashara ya Marekani ikaenda mahakamani kuupinga. Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza wakauzuia Aprili 2023. Ununuzi ulikuja kupita Oktoba 2023, lakini baada ya Microsoft kuweka sahihi ya miaka 10 na Nintendo na pia na Sony kwamba Call of Duty itatoka kwao pia, na kuachia Ubisoft haki za kuzicheza kupitia mtandao. Uwazi huo haukutoka kwa ukarimu. Ulitoka kwa kubanwa. Ndiyo maana mimi naamini ahadi iliyoandikwa kuliko mahojiano matamu.

Tango: onyo kwa pande zote

Februari 2024 Microsoft ikasema gemu nne zitaenda kwa konsoli zingine: Pentiment, Hi-Fi Rush, Grounded na Sea of Thieves. Hi-Fi Rush ni ya Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyokuja na ununuzi wa Bethesda. Ilitoka ghafla Januari 2023, watu wakaipenda, ikapata tuzo ya sauti kwenye The Game Awards. Ilifika PS5 tarehe 19 Machi 2024, miezi 14 baadaye.

Tarehe 7 Mei 2024, wiki saba tu tangu ifike PS5, Microsoft ikatangaza kuifunga studio hiyo. Agosti mwaka huo Krafton ya Korea Kusini ikaichukua pamoja na Hi-Fi Rush, la sivyo stori ingeishia hapo.

Sitasema kufungiwa ndiko kulikoiangusha Tango, sikuwa kwenye hicho kikao. Wala siwezi kusema kufunguliwa kuliiokoa. Ninachosema ni kwamba wale wanaopigana usiku kucha kutetea gemu za kufungiwa, wakidhani wanatetea studio, waangalie hapa. Kuwa chambo cha mtu hakukupi kazi ya kudumu. Na kufika kwa wateja wengine baada ya miezi 14, wakati kelele zote zimeisha, si sawa na kufika siku ya kwanza.

Wale wataniambia

"Xbox ilifungua milango na sasa ona venye imekuwa." Tuangalie tarehe. Juni 2023, kwenye karatasi zao za kesi ile ya Activision, Microsoft wenyewe waliandika kwamba wameshindwa vita vya konsoli. Hiyo ni miezi minane kabla ya zile gemu nne. Mgonjwa alikuwa kitandani kabla ya dawa kuletwa. Forza Horizon 5 na Indiana Jones kuja PS5 Aprili 2025, Gears of War Agosti 2025, hayo yote yalikuja baada ya kushindwa, si kabla.

"Na Sony je?" Swali zuri, na nawaambia watu wangu wa PlayStation tusijifanye watakatifu. Insomniac walitoa Sunset Overdrive kwa Xbox One mwaka 2014. 2019 Sony wakawanunua, na tangu hapo Xbox haijaona gemu mpya yao. Helldivers 2, ambayo Sony ni wachapishaji wake, ilifika Xbox Agosti 2025, mwaka mmoja na nusu baada ya PS5. Kama sheria ni nzuri, iwe nzuri kwa wote.

"Bila gemu za kufungiwa, kwa nini mtu anunue konsoli moja na si nyingine?" Bei. Ubora wa padi. Huduma. Na gemu ulizozianzisha mwenyewe nyumbani kwako, kwa pesa yako, kutoka sifuri. Hizo sina shida ukizifunga. Nintendo wamelea Mario tangu utoto wake, hakuna PlayStation iliyomlisha. Shida yangu ni kwa mtoto aliyelelewa na mtaa mzima, halafu akanunuliwa akiwa tayari na kazi.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu, ni hivi. Gemu ikiwa ni mwendelezo wa jina lililokulia kwa konsoli zote, itoke kwa zote siku moja. Ikiwa ni jina jipya kutoka studio iliyonunuliwa, haya, mpe mwenyewe mwaka mmoja wa kujivunia, halafu aachilie. Ikiwa ameianzisha mwenyewe kutoka mwanzo, ni yake. Na ahadi ziandikwe siku ya ununuzi, si baada ya mauzo kuanguka. The Elder Scrolls VI ilitangazwa Juni 2018, na hiyo kwangu ndiyo itakuwa mtihani.

Wengi tunaoishi mtaani tuna mashine moja. Haikuchaguliwa kwa kupima nani ana gemu gani. Ilikuwa ile jirani alikuwa anauza, ama ile mjomba alileta. Mtu wa hivyo hawezi kuambiwa "nunua ya pili." Anaambiwa tu, kwa lugha ya upole, kwamba hachezi.

Binamu yangu sasa ana kompyuta, brathe alihama na PS4 yake, mimi niko kwa simu. Tumebadilishana viti vyote. Boma bado liko, na ng'ombe wameongezeka.